Posa ya Yustina na Ngazi za Barazani

Jumatatu, 5 Juni 1995

Nina miaka sabini. Nimezika wake wawili. Mwingereza nimemwona akifunga mizigo. Mkonge umekufa nikiona. Foleni ya sukari nimesimama na nikatoka na sukari. Gongo nalo, pombe kali ile ya magendo, nimelishinda. Matombo nzima hakuna mzee wa kunifikia kwa migomba. Darasa la ngumbaru nilikuwa wa kwanza, ndiyo maana naandika.

Leo nimekata mikungu. Magoti mazima. Dada yangu Paulina kapanda kutoka Kihonda na habari njema. Binti yake Yustina kachumbiwa. Kijana anaitwa Maganga, Mnyamwezi, kazi yake kiwanda cha Mzinga. Posa Jumamosi. Wa kupokea ni mimi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba, baba mzazi anakaa pembeni anakula. Nimeimba shambani peke yangu.

Jumanne, 6 Juni

Jana Paulina hakumaliza. Leo kasema. Posa itapokewa hotelini, mjini. Ile nyumba iliyokuwa klabu ya Wazungu. Serikali ilikuwa nayo, sasa imeuza, siku hizi kila kitu ruksa. Wamepaka rangi, wameweka dishi juu ya bati. Maganga anataka tukae barazani kama wakubwa.

Nimesema siendi. Kanijibu, "Kaka, usipokwenda posa hakuna. Mtoto ataaibika mbele za watu."

Chakula sikumaliza.

Alhamisi, 8 Juni

Usingizi hauji. Niandike labda utakuja.

Nilianza kazi pale klabuni kijana wa miaka kumi na minne. Kuosha glasi. Mlango wetu ulikuwa wa jikoni. Barazani Wazungu. Mhindi wa duka, tajiri kuliko wao, alileta vitu akaishia mlango wa pembeni. Haukuwa ukali wa mtu mmoja. Ilikuwa sheria. Shule yao, hospitali yao, behewa lao. Mpishi mwenye mvi aliitwa boi. Mweusi akikamatwa na pombe ya chupa, jela. Na mimi ndiye niliyeibeba kila jioni. Masazo ya kwenye glasi nikayamalizia jikoni. Nilitaka kujua wanatunyima nini. Pombe nilijifunzia hapo.

Siku moja mvua kubwa, nikapanda ngazi za mbele kujikinga. Hakuna aliyenipiga. Walinyamaza tu. Wote. Wakanitazama mpaka nikarudi mvuani. Kofi lingepoa. Ule ukimya haujapoa.

Uhuru ukaja. Nikasema sasa nitapanda. Nikavaa viatu. Kwenye ngazi miguu ikakataa. Nikanunua bia ya halali kabisa, nikaenda kuinywea nyuma ya nyumba. Halafu gongo, miaka mingi. Wenzangu wa jikoni wote pombe imewamaliza. Watu husema ulevi ni tabia ya mtu. Haya. Mimi nasema tulilelewa kuwa watu wa nyuma ya nyumba, na huko nyuma ndiko tulikonywea.

Nimebaki mimi. Kwa ukaidi.

Ijumaa, 9 Juni

Ngazi si kitu. Ninachoogopa ni kiu. Tangu juzi nasikia harufu ya gongo hata kwenye chai. Niliacha alipokufa mke wangu wa pili, sijaonja tena. Nikionja tone najua nitakapoishia. Na mjomba lazima aonje kinywaji cha posa kwanza.

Nimemwagiza Paulina apike togwa, ile isiyolevya. Kauliza kama naumwa. Nimesema pika.

Jumamosi, 10 Juni

Nilivaa koti la mitumba, zuri kuliko la bwana harusi. Mlinzi wa getini akanipa shikamoo. Nikaenda vizuri mpaka chini ya ngazi. Ni tano tu.

Barazani waliponiona wakasimama wote. Wakanyamaza. Najua, ilikuwa heshima ya mjomba. Miguu haikujua. Nilipojitambua niko uani, mlango wa jikoni, nimekaa juu ya kreti. Kofia ilianguka, mpishi akaniokotea. Kreti la pembeni lilikuwa la bia. Mkono ukaenda wenyewe, ukashika shingo ya chupa.

Akatokea mjomba wa Maganga, mzee mnene, kelele tupu.

"Njooni mwone! Mluguru kateremka mlima mzima, ngazi tano zimemshinda!"

Watu wakaja, wakacheka. Na mimi nikacheka, mbavu zikauma. Mkono ukaachia chupa. Mnyamwezi kwetu ni mtani, na mtani ni dawa.

Nikamjibu, "Ninyi Wanyamwezi si wapagazi tangu enzi? Bebeni viti. Binti yangu anaposwa hapa hapa, au mrudi Tabora bila mke."

Mtani hakasiriki. Walibeba. Wazee wenye tai walibeba viti kichwani wakicheka. Meneja akafoka kwamba barazani kumeshapambwa. Hakuna aliyemsikia. Yustina akaketi kwenye mkeka karibu na majiko, kanga imejaa moshi, anang'aa.

Nikainua togwa.

"Hicho cha watoto!" mtani kasema.

"Na wewe utakinywa, mtoto."

Akanywa. Posa imepokewa. Wapishi walipiga vigelegele kuliko ndugu.

Jumapili, 11 Juni

Nimerudi Matombo. Misa nimesali. Mchana nimepalilia kidogo, Jumapili au si Jumapili. Mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba. Kiu imeondoka. Nimelala usiku mzima.

Yustina anasema nimewashinda, nimeiteremsha baraza nzima ije kwangu. Nimemwachia aamini hivyo. Mimi sijui kama nilishinda au nilikimbia. Ngazi zipo palepale. Labda nitazipanda, labda nitakufa kwanza. Sina haraka.

Sikunywa. Hilo najua. Asiyeamini amuulize yule mtani, togwa ilimmwagikia tai. Amuulize mpishi aliyeniokotea kofia. Ila wa kuaminika ni Paulina. Alinusa kikombe changu kabla sijanywa, akakinusa tena nilipomaliza. Alidhani simwoni.