Tela la Fundi wa Boti

Kidahwe, barabara ya Kasulu

Mama yangu, shikamoo.

Ulihofia nitalala kwenye matope nikizungukia kambi za wakimbizi. Sasa nina kitanda! Tela letu la mizigo amelitengeneza Mzee Ramazani, fundi wa boti aliyekimbia vita Kongo akahamia Ujiji. Ameliwekea vitanda vya mbao na paa la turubai, na kila ufa wa sakafu ameuziba kwa pamba na mawese.

Jana tulikuja naye kulijaribu. Mvua ikapiga, upepo ukainua turubai, maji yakajaa ndani yakakosa pa kutokea. Magodoro yakaelea! Nikamwomba atoboe sakafu.

"Kutoboa chombo ni kuua watu, mwanangu!"

"Mzee, hiki kina magurudumu," akasema Neema, muuguzi mwenzangu. "Kitazama wapi, Kidahwe hapa?"

Mzee alisimama majini akalitazama tela, kisha akacheka mpaka akaketi. Akatoboa mwenyewe, uso kaukunja kama anayechomwa sindano, na turubai akalikaza upya.

Magodoro tumeyaanika mchana kutwa. Sasa mvua imerudi, nami nakuandikia nimejilaza, soksi kavu miguuni. Nawe ulale, Mama, usikeshe kwa ajili yangu.

Mwanao akupendaye,
Zuberi