Kiti cha Aliyelipa

Ruiri, Jumanne

Mwanangu Mutugi,

Maharagwe yamechanua, na baba yako anakusalimia.

Ile tiketi ya wafanyakazi wa ndege uliyonipatia, ya kusafiri nafasi ikibaki, ilinipa kiti kikubwa cha mbele. Kabla mlango wa ndege haujafungwa, mhudumu akaniambia, "Mama, abiria aliyelipia kiti hiki amefika. Tafadhali rudi nyuma." Nikarudi. Akanifuata huko. "Hata huku kumejaa, mama. Itabidi ushuke."

Nikakishika kiti kwa mikono miwili. Dada yako Virginia alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo kesho yake, huko Dubai. Kisha nikakumbuka ulivyoniomba nisibishane na mtu, usije ukafutwa kazi. Nikashuka.

Virginia ameamka salama baada ya upasuaji, lakini anauliza kwa nini sikuja. Nimemwambia niliugua. Nawe mwambie hivyo hivyo.

Mama yako,
Kaari