Bwawa Lilipokaushwa

Tarehe 9 Februari

Kwa binti yangu,

Nakusalimu kwanza, kabla sijakuuliza lolote. Hujambo? Kile kifua cha baridi kimepona? Bado wanakupa zamu ya alfajiri huko kwenye treni zao? Mimi sijambo. Ni hili goti tu, kila nikitaka kusimama linaanza kulalamika kabla yangu.

Jana tulikuwa na kikao cha baraza. Tangu wanawake wa soko wanitume kule, sijawahi kukosa. Unavijua vikao vyetu nilivyokusimulia: feni inazunguka kwa kujilazimisha, viti vya plastiki vinakugandia mapajani, na mwenyekiti, yule tunayemwita Mzee Twende, anapiga meza kwa kiganja, "Twende, twende," hata mtu hajamaliza kusema. Tulianza na yatokanayo. Tukaja kwenye choo cha soko, nani ashike ufunguo. Mjumbe wa mlimani anataka ashike mtu wake. Mimi nikasema washike wauza mboga, wao ndio wanaokaa pale kutwa. Tukarushiana maneno mpaka chai ikapoa. Kisha mbwa wanaozurura. Kisha katibu akasoma, kwa sauti ile ile aliyosomea mbwa:

"Kukausha bwawa la zamani ili litolewe tope. Kazi ianze kabla ya mvua."

"Kuna mwenye neno?" akauliza Mzee Twende. "Haya, twende."

Mikono ikapanda. Na wangu ukapanda, mwanangu. Nilipouangalia ulikuwa juu tayari.

Unajua kwa nini nakwambia. Miaka kumi na moja tangu kaka yako Waya atoke hapa mchana na redio ya watu aliyoitengeneza mkononi, "Mama, naipeleka ng'ambo ya bwawa, narudi kula." Baiskeli yake ikakutwa imelazwa ukingoni. Walipiga mbizi, hawakuona kitu, maji yale ni uji. Baba yako, Mungu amrehemu, alikataa katakata tusiweke msiba. "Waya wangu hajafa," alisema, "amepotea." Akafa yeye akiwa bado anasema hivyo.

Sasa watu wa baraza watalifunua lile bwawa kama mtu anavyofunua chungu.

Jambo jingine sijamwambia mtu. Huwa nasikia hodi. Si usiku, usiku nalala vizuri. Ni mchana, jua likiwa utosini. Ile hodi yake ya kuvuta, kama anauza kitu. Nikifungua, ni uwanja mtupu na kuku wametulia, wanatazama upande mmoja.

Nijibu upesi.

Mama yako

*

Tarehe 2 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma nimesimama jukwaani nikingoja behewa niingie nifagie. Kifua kimepona. Goti lako lipake yale mafuta niliyokutumia, usimgawie jirani yote.

Mama, nakuomba siku hiyo usiende bwawani. Mtume mtu. Au kaa nyumbani ujifungie.

Nami nikuambie langu. Huku namwona. Si mara moja. Treni ikiingia, watu wakishuka, naona mgongo wake, lile bega moja limeinuka kama amebeba redio. Namfuata. Mara ya mwisho nilimshika mtu mkono, mzee wa watu akageuka akaogopa. Lakini kabla hajageuka, Mama, alikuwa yeye kabisa.

Nimezoea. Naweza kuishi hivyo, nikiamini yuko mahali, ana njaa au ameshiba, lakini yuko. Sasa wakimtoa kwenye tope, yule ninayemwona ni nani?

Waambie wakaushe mwaka mwingine. Si uko kwenye baraza? Kuwa na neno basi.

Binti yako

*

Tarehe 20 Aprili

Binti yangu,

Hujambo? Umekula leo? Mimi nimekula, na nimelala, na goti limetulia. Kaa chini usome hii.

Nilienda. Ningekaaje nyumbani? Walifungua mlango wa bwawa, maji yakaondoka polepole kwa siku kadhaa, yakabaki matope na samaki wakirukaruka. Watu wakaja na ndoo na kelele, ikawa kama sherehe. Kisha dereva wa katapila akazima mashine. Akashuka, akavua kofia.

Ilikuwa mifupa ya mtu. Daktari wa hospitali akasema ni mwanaume, kijana, amekaa majini miaka mingi. Nguo hakuna tena. Polisi wakatangaza kote hapa, hakuna aliyejitokeza. Basi ikaja barazani, kwenye Mengineyo, baada ya paa la ghala. Katibu akasoma, "Mabaki yaliyopatikana, na mahali pa kuyazika." Mzee Twende hakusema twende. Alinitazama.

"Mama," akasema, "ni wa kwako?"

Wote wakanigeukia. Feni ikawa inalia kwek, kwek.

Nikasema, "Ni wa kwangu."

Maskini katibu, kwa mazoea tu, akauliza, "Anayeunga mkono?" Na yule mjumbe wa mlimani, mgomvi wangu wa choo, akasimama akasema, "Naunga mkono." Mikono ikapanda. Ndivyo kaka yako alivyopitishwa na baraza kuwa maiti.

Nilimfuta tope kwa mikono yangu. Nikamvika shuka jeupe jipya. Tumemzika pembeni mwa baba yako, na wajumbe wote walikuja, hata Mzee Twende alishika jembe.

Tangu siku hiyo hodi imekoma. Mchana ni mchana tu.

Usilie sana.

Mama yako

*

Tarehe 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimelia, kisha nikaoga nikaenda kazini. Wenzangu walinichangia maua, nikayaweka dirishani kwa kukosa pa kuyapeleka.

Nashukuru ulimfuta mwenyewe. Nashukuru na yule mjumbe.

Nina swali moja, na nikikosea unisamehe. Kaka alipoanguka juu ya paa akifunga antena, si walimtia chuma kwenye mkono wa kulia? Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka alinigusisha, nikahisi kitu kigumu chini ya ngozi, nikakimbia. Chuma hakiozi kama nguo.

Ulikiona?

Binti yako

*

Tarehe 3 Julai

Mama,

Shikamoo tena. Sijapata jibu. Nilimpigia jirani, akasema u mzima, unaenda sokoni na barazani kama kawaida, na kila jioni unaenda makaburini na kiti chako kidogo. Kwa hiyo barua unaipata.

Simu hutaki, unasema inameza maneno. Basi andika hata mstari mmoja. Sikugombi. Nauliza tu.

Binti yako

*

Tarehe 28 Julai

Mwanangu,

Hujambo. Mimi nipo.

Chuma hakikuwepo.

Nilijua tangu nilipoishika ile mifupa ya mkono. Niliigeuza, nikaigeuza tena, nikaifuta kama mtu anayetafuta pete. Mikono yote miwili ilikuwa mizima, haijawahi kuvunjika. Na mfupa mmoja wa paja, wa kushoto, ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, umeungana vibaya tangu utotoni. Mwenye mguu huo lazima alichechemea. Waya wangu alikuwa akikimbia mpaka majirani wanafunga mbuzi wao.

Nikajikaza. Muuguzi aliuliza, "Vipi, Mama?" nikamwambia, "Vumbi jichoni." Kwenye tope!

Utaniuliza kwa nini. Yule alikuwa mtoto wa mtu, amelala kwenye maji na hakuna anayemtaka. Na mimi nilikuwa mama wa mtu ambaye sina pa kumwekea hata ua. Wangemzika nyuma ya ghala bila jina. Nikaona tusaidiane, yeye na mimi. Namsimulia mambo ya baraza. Nimemweleza habari ya ufunguo wa choo yote, mwanzo mpaka mwisho. Anasikiliza vizuri.

Sasa unajua, tuko wawili. Ukitaka nikaseme, nitasema.

Mama yako

*

Tarehe 19 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako nikiitoa na kuirudisha mfukoni.

Usiseme. Tangu uliponiandikia kwamba amezikwa, sijamwona tena kituoni. Treni zinaingia, watu wanashuka, ni watu tu. Nimeanza kulala. Nimenunua pazia, Mama, miaka yote hii sikuwa na pazia.

Kama yule kijana amekubali kuwa kaka yangu, na mimi namkubali. Nani tunamdhulumu? Mwache alale. Na wewe lala.

Binti yako

*

Tarehe 14 Oktoba

Binti yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa hilo pazia lako. Mimi mwili ni mzima. Kuna jambo limetokea, na nimelitenda kabla sijakuuliza, kwa sababu halikungoja posta.

Kikao cha juzi kilikuwa cha kawaida kabisa. Leseni za vinyozi. Mtaro wa barabara ya shule. Bwawa limejaa tena, katibu akasema samaki wapya wameshatiwa. Tulipofika Mengineyo, Mzee Twende akauliza kama kuna mwananchi mwenye shida, ameshaanza kukusanya miwani yake. Akasimama mwanamke nyuma kabisa. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari. Wa makamo yangu.

"Mimi ni mshona magodoro," akasema, "natoka mbali kidogo. Dereva wa lori alinipitia kushonewa godoro, akanisimulia kwamba huku mlikausha bwawa mkaona mtu. Nimekuja kuuliza tu."

Katibu akamjibu kwa upole kwamba yule mtu alishatambuliwa na mama yake.

"Aa," akasema. "Basi Mungu ni mwema kwake." Akaanza kukaa. Kisha akasimama tena. "Naomba radhi. Wa kwangu alikuwa anachechemea. Mguu wa kushoto. Alianguka akiwa mchanga bado. Huyo wenu alikuwa na kitu kama hicho?"

Wote walinitazama. Nilikumbuka barua yako, nilikumbuka usingizi wako. Ningesema neno moja dogo tu, la, na yule mama angepanda gari la jioni arudi kwao. Lakini alikuwa amesimama vile nilivyokuwa nikisimama mimi mlangoni mchana nikishafungua na kukuta uwanja mtupu. Mkono mmoja ameshika kiti, hajui akiachie au la.

Nikasema, "Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Sema, Mama."

"Ni wa kwake. Si wangu. Nilijua."

Mwanangu, mjumbe wa mlimani aliinamisha kichwa. Mzee Twende akafunga kikao bila kupiga meza.

Nilimpeleka makaburini mwenyewe. Njia nzima nilingoja anitukane, na ningeyapokea. Alipofika alikaa kwenye kiti changu, akaweka kiganja kwenye udongo kama anapima homa.

"Mlimvika nini?"

"Shuka. Jeupe, jipya."

"Nani alimfuta?"

"Mimi."

Baadaye akasema, "Wakitaka kumfukua, wakatalie. Ameshahangaika vya kutosha. Nitakuwa nakuja." Kisha akaniambia jina alilompa alipozaliwa, na jina alilomwita akimdekeza. Nikayarudia yote mawili ili nisiyasahau. Fundi wa mawe atakuja wiki ijayo kufuta jina la Waya kwenye jiwe la kaburi.

Alilala kwangu. Tulikula, tukazungumza habari za pamba na magodoro, alinicheka kwa godoro langu. Asubuhi, ameshafunga kitenge, akageuka akaniuliza, "Na wa kwako?"

Hakuna mtu aliyeniuliza hivyo miaka mingi. Watu huuliza goti. Nikamwambia alitoka na redio ya watu, arudi kula.

"Kwetu kuna mabwawa mawili," akasema, "na mto. Na machimbo ya mawe. Kuna watu waliookotwa wakazikwa na serikali, kuna na wazima wasiojua walikotoka. Nitauliza. Alivaa nini?"

Mwanangu, naona shati la bluu. Lakini kila nikilitazama sana naliona limelowa, na kwa hiyo siliamini.

Wewe ulikuwepo. Niandikie alivaa nini. Anasubiri, na mimi nasubiri.

Najua nimekurudishia yule uliyemwacha kituoni. Nisamehe.

Mama yako

*

Tarehe 30 Oktoba

Mama,

Shikamoo.

Hakuvaa bluu. La bluu lilikuwa la baba. Alivaa la njano, mikono mifupi, mfuko wa kifuani una tundu aliloliunguza kwa lehemu. Suruali ya kijivu, amekunja mguu mmoja usiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Kandambili, ya kulia imefungwa kwa waya mwekundu. Alikuwa hajanyoa. Alikuwa anapiga mluzi, na alipofika kwenye kona aligeuka akanionyesha ulimi.

Mwambie yule mama aulize hivyo hivyo, asiache kitu.

Mdogo wake Waya