Nani Kauvua Mpera Wangu Nguo

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Mlango wa uani usiufunge kwa nguvu, komeo limelegea.

Sasa, mpera wangu. Asubuhi nimetoka kuchuma vichipukizi nikuchemshie kwa hicho kikohozi chako, nikakuta matawi uchi, mpaka zile ncha ninazoziacha siku zote ili tawi lichipue tena. Nikawafokea watoto bure. Kumbe miwani yako iko chini ya mti, na sufuria ndogo inanuka mpera!

Wewe! Uliyenicheka mbele ya mawifi zangu, eti nakunywesha chakula cha mbuzi! Ungeniomba tu, ningekuchumia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na miwani.

~~Nahamia kwa dada yangu.~~ Nakwenda kwa dada yangu kuomba vichipukizi vingine, narudi jioni.

Vichache ulivyoangusha chini ya mti nimevichemsha, kikombe nimekifunika kwa kisahani. Usikipeleke chumbani. Unywe hapa hapa mezani, mawifi wakikutazama. Nimewaalika saa kumi.

Mama watoto