Mkato wa Sikio la Kulia

Jumatatu, 7 Julai 2025

Darasa la kuchora leo wamekuja sita! Nimewaonyesha miraba: unapiga mistari kwa rula juu ya picha, unapiga na kwenye karatasi ya manila, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja. Chora unachokiona, si unachodhani. Mimi niliyeishia kidato cha pili! Nimechora mabango Malindi, Mombasa, mpaka Dar — nani Garsen hii ananifikia?

Guyo, rafiki yangu mfugaji, kapiga simu toka njia ya Bangale. Ng'ombe wake mweupe kapotea, bado anamsaka. Kanitumia selfi yake na huyo ng'ombe, uso wake umeziba nusu ya mnyama. Kasema: Chande ndugu yangu, nichoree mkubwa, ubandike kwenye mnada wa mifugo. Nitakataaje?

Jumatano, 9 Julai

Mchoro uko mnadani. Penseli ya 2B kwa manyoya, mkaa kwa macho, kivuli nimekisugua kwa pamba. Kwa ule mkato wa sikio la kulia, alama ya ukoo, nilichonga penseli kwa wembe mpaka ncha kama sindano. Mzee mmoja kasema ng'ombe huyu amebakisha kulia tu. Nikamwambia, ngoja kwanza anywe maji!

Alhamisi, 10 Julai

Mambo yameharibika. Wazee wa mnada wamemkamata ng'ombe wa Molu, mfugaji wa Minjila, wakisema ndiye wa Guyo. Mweupe, mkato sikio la kulia, kama mchoro wangu. Molu anaapa: kazaliwa zizini kwake, na kwao hukata kulia tangu babu. Wazee wakanigeukia. Mwalimu, una hakika? Nikapiga kifua. Penseli yangu haidanganyi!

Ng'ombe kafungiwa zizi la mnada. Ndama wake kabaki kwa Molu, analia mchana kutwa. Laila, mke wa Molu, kanipita sokoni bila salamu. Kasema tu: watoto wangu leo wamekunywa chai ya rangi, Mwalimu.

Guyo hapatikani kwa simu. Nimejaribu mara tisa.

Ijumaa, 11 Julai, asubuhi

Swaleha, mwanafunzi wangu mkali kuliko wote, kaomba ile selfi afanyie zoezi. Kacheka. Mwalimu, mbona maandishi ya shati la Guyo yanasomeka kinyume?

Nikatazama. Ya Rabi! Simu imegeuza picha kama kioo. Kulia ni kushoto. Ng'ombe wa Guyo kakatwa sikio la kushoto! Na mimi, bingwa wa miraba, shati sikuliangalia hata kidogo — nilikuwa namtaka ng'ombe tu.

Swaleha kasema tufute upesi, tuhamishie mkato upande wa pili, nani atakumbuka? Kanipa ufutio wake, mpya. Nimeushika mpaka umelowa jasho.

Ijumaa, baada ya swala

Wazee wamekaa kwenye banda la mnada. Wanataka ng'ombe apelekwe leo nyumbani kwa Guyo, Guyo mwenyewe akiwa bado porini. Naandika nikiwa nje, nimeegemea ukuta. Molu kakaa peke yake, hanitazami. Ndama kamleta kwa kamba. Bado analia.

Baada ya leo, nani ataniletea mtoto nimfundishe kuchora? Dar nzima mpaka hapa, na nimeshindwa na sikio!

Wameniita. Mwalimu aje athibitishe.

Manila nimeibandua ukutani, iko kwapani. Selfi iko tayari kwenye simu. Ufutio nimeuacha nyumbani — makusudi.

Wameita tena. Miguu, twende basi! Nafunga daftari; nitaanza na shati la Guyo.