Jiko Moja Karibu na Bwawa

La Rochelle, Johannesburg, 2019

Mpendwa Baba Mina,

Leo nimechambua choroko peke yangu, kwenye meza ile ile uliyokataa kuitupa hata mguu wake ulipolegea. Nimekukumbuka mpaka nikauacha ungo, nikakaa kulia. Usinicheke.

Unakumbuka Jumapili zetu? Mimi nachambua, wewe unaniibia punje ili unipangie kijiji chenu cha Gujarat, India. Choroko walikuwa wakulima wenye mashamba. Ukawaweka karibu na hekalu. Mbaazi, Waislamu wanaokamua mafuta. Dengu mlikuwa ninyi wafinyanzi, pale bwawani penye udongo mzuri. Kunde ukazisukuma hadi ukingoni mwa meza: watengeneza ngozi, ng'ambo ya barabara, na kisima chao peke yao.

"Mbona mbali hivyo?" nikakuuliza.

"Ndivyo nilivyokuta, Mama Mina."

Hukuniangalia uliposema hivyo.

Ukaniambia pia kwamba kwenu familia huhesabiwa kwa majiko. Ndugu wanaweza kulala chini ya paa moja, lakini wakitenga jiko, tayari ni familia mbili. Basi ukaihesabu na nyumba yetu ya kupanga: yule dada Mkongo msusi chumba cha mbele, Warundi wawili uani, kila mtu na jiko lake. "Paa moja, majiko manne," ukasema. "Mwenye nyumba hajui kama anamiliki kijiji." Nilicheka hadi choroko zikamwagika.

Ndipo nikakuuliza, nusu utani, "Na mimi, binti wa Tanga, ungeniweka wapi?"

Ukashika punje moja ya dengu, ukaizungusha vidoleni, kisha ukairudisha kwenye ungo. Nilikununia siku tatu. Nilijua tangu unioe baba yako hataki kulisikia jina langu. Lakini nilitaka jibu lako, si lake. Ukafariki baridi ya mwaka jana bila kunipa, na siku tunakuaga bado nilikuwa na kinyongo nawe, mpenzi wangu.

Jana mdogo wako alipiga simu kutoka kijijini. Kiswahili chake cha dukani Dar bado anacho. "Bhabhi," akaniita, kama mnavyomwita mke wa kaka. Hajawahi kuniita hivyo. Akaniambia wafinyanzi wanaandika upya daftari la familia zao, hata zilizohama.

"Yenu iko siku nyingi," akasema. "Kaka naleta barua, Mina iko darasa la kwanza. Naandika: jiko moja, watu tatu, karibu na bwawa. Baba nakasirika sana. Kaka nakataa kufuta."

Mina darasa la kwanza! Ndio mwaka ule ule niliokununia. Mwanaume mgumu wewe, ungepungukiwa nini kuniambia?

"Sasa naandika watu mbili, bhabhi?"

Mina, aliyekuwa akisikiliza kando yangu, akanipokonya simu. Unamjua mwanao, Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza. Jana alijitahidi.

"Eish, baba mdogo," akamwambia, "usifute. Acha tatu."

Nimekusamehe. Jioni hii tumepika dengu, na Mina amepakua sahani tatu.

Pumzika, baba wa mwanangu.

Mkeo,
Mama Mina, wa kwa wafinyanzi