Marumaru Zako, Mama

Mama yangu, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia, lakini kukuandikia bila shikamoo nimeshindwa. Hapa Gitting mvua si haba, viazi vimetoa maua, ila mimi sina raha. Kaka Emanueli alileta fundi apime kaburi lako. Alitaka kulijengea marumaru, zile za kung'aa kama sakafu ya benki. Alisema ulimwagiza mwenyewe, siku ile hospitalini mlipobaki wawili.

Mlipobaki wawili! Hapo ndipo nilipokwama. Kaburi lako liko katikati ya shamba la chini, shamba ulilonionyesha mimi ukasema, "Hapa utalima wewe." Hukuandika popote. Nikawaza, kaka akishajenga pale, atasema ardhi ni ya aliyejenga, nami nitakuwa nalima kwa kuomba ruhusa. Nisamehe kumwazia hivyo mtoto uliyemzaa. Ila namjua.

Na neno lenyewe, mama, marumaru! Unakumbuka lilivyoingia kwetu? Kaka alikuwa darasa la sita, ana kamusi ya kuazima, hatupumui. Tulikuwa tunacheza gololi nyuma ya zizi, akatusimamisha. "Washamba nyie. Gololi kwa Kiingereza ni mabo, na mabo kwa Kiswahili sanifu ni marumaru. Kamusi imesema." Nani angebishana na kamusi? Wewe Kiswahili ulijifunza ukubwani, sokoni na kanisani, ukalipenda neno hilo kuliko sisi wote. Ukawa unatufokea, "Okoteni marumaru zenu, ng'ombe asije akameza!" Yule mwalimu wa Tanga aliyepanga kwetu alikusikia, akashangaa: marumaru gani hizo za kumezwa na ng'ombe? Alipotueleza kwamba marumaru ni mawe ya kutandaza sakafuni, kaka alinuna siku mbili. Wewe ulicheka hadi ukakaa chini. Lakini neno hukuliacha. Hadi unaondoka, gololi kwako zilikuwa marumaru.

Kwa hiyo juzi fundi alipofika na futi yake, nilimvuta kaka pembeni ya ghala.

"Kaka, mama alisema maneno gani hasa? Usiongeze, usipunguze."

"Alisema marumaru. Nikuambie mara ngapi?"

"Sema yote, tangu mwanzo."

Akaangalia chini, akayatoa polepole. "Alisema, 'Msisahau kunizika na marumaru zangu.'"

"Zangu," nikarudia. "Mama alikuwa na marumaru gani, kaka? Nyumba hii tunafagia udongo hadi leo."

Sijui kama alikuwa amesahau kweli, au alitegemea kwamba mimi nimesahau. Machozi yalimtoka, lakini kaka hata zamani alikuwa analia akishakamatwa. Akamwambia fundi aende zake. Halafu akanigeukia. "Basi zitakuwa chumbani kwake. Tuzitafute, tuzifukie kaburini kwake hata sasa."

Tukapekua sanduku, godoro, chini ya mkeka. Nilipekua naye kwa bidii, nikifunua hata pale nilipojua hakuna kitu. Maana ukweli ni huu, mama. Siku moja kabla hatujakuzika, nilifagia chumba chako ili shangazi wapate pa kulala. Nikakuta kopo la maziwa limejaa gololi, zilezile zetu ulizotunyang'anya siku tulipochelewa ibada. Nikasema, jamani, mama naye na takataka! Nikawagawia watoto wa wageni waliotoka Hirbadaw ili watulie. Waliondoka nazo. Hata sikumbuki walikuwa watoto wa nani.

Kaka aliketi kitandani kwako, akaniangalia tu. Tangu hapo ananiangalia hivyo, akiamini nimezificha ili kumkomoa, na sijathubutu kumwambia. Nilikuwa nikimshuku mwezi mzima kwamba amecheza na neno lako la mwisho. Yeye alilisikia vibaya. Mimi nilikuwa nimelishika mkononi, nikaligawa.

Shamba limebaki kwangu, mama. Kesho nalima kuzunguka kaburi lako, nalo halina hata gololi moja ndani.

Nakuaga kwa aibu. Ukiweza, nisamehe.

Binti yako, kitindamimba